UZI: Syd Barrett, rafiki ambaye Pink Floyd walimwimbia vizuri kuliko walivyomtunza

#1 Mzee wa Santuri (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka apite tu, hatutagombana.

Kuna filamu ya 2023 inaitwa Have You Got It Yet?, inamhusu Syd Barrett, mwimbaji na mpiga gitaa wa kwanza wa bendi ya rock ya Pink Floyd. Waliiongoza Roddy Bogawa na marehemu Storm Thorgerson, yule mbunifu wa majalada ya Pink Floyd, ambaye alisoma shule moja na Syd. Humo wazee waliokuwa vijana wa Cambridge miaka ya sitini wanakaa mmoja mmoja mbele ya kamera wakimkumbuka mwenzao. Tangu niitazame kuna swali limenikaa kooni. Huyu bwana ni kati ya marafiki walioimbwa sana katika historia nzima ya rock. Sasa, alipokuwa hai na anahangaika, nani alimfanyia nini?

Kwa wasiomjua. Alizaliwa Roger Keith Barrett, Cambridge, Uingereza, tarehe 6 Januari 1946, mtoto wa nne kati ya watano. Baba yake alikuwa daktari wa patholojia, mtu mwenye heshima zake mjini. Alifariki Desemba 1961, kijana hajafikisha hata miaka 16. Mama akabaki na nyumba kubwa ya Hills Road, akawa anapangisha vyumba.

Vijana watatu wakuu wa hadithi hii walikulia mji huohuo. Roger Waters, aliyekuja kuwa mpiga besi wa bendi, alikuwa shule moja na Syd, madarasa ya mbele. Naye alikuwa yatima wa baba, aliyefia vitani Anzio, Italia, 1944. David Gilmour, mpiga gitaa, alisoma shule ya Perse, barabara ileile ya Hills Road. Gilmour na Syd wakaja kuwa pamoja chuo cha sanaa na ufundi cha hapo mjini. Mapumziko ya mchana wenzao wanakula, wao wamekumbatia magitaa wanafundishana. Kiangazi cha 1965 walikwenda kusini mwa Ufaransa, wakawa wanapiga muziki barabarani wapate hela ya kula, polisi wakawabeba. Hilo la Gilmour lishikeni, lina kazi yake huko mbele.

Nick Mason, mpiga ngoma, ana kumbukumbu moja naipenda. Anasema enzi zile kila kijana alikuwa anajifanya mgumu, hasalimii mtu, uso kaukunja makusudi. Syd alipofika London 1964 kusomea uchoraji chuo cha Camberwell, alimfuata mwenyewe akamsalimia na kujitambulisha, bila maringo. Kwa hiyo wale wanaodhani Syd alizaliwa mtu wa kujifungia chumbani wasahihishe. Ndiye aliyekuwa mchangamfu kuliko wote.

#2 Kijana wa Mabibo

Nimeweka kambi. Mkuu shusha.

#3 Mzee wa Santuri

Nashusha.

Vituko vyake vya mwanzo vilikuwa vitamu. Jina la bendi alilitoa yeye, kwa kuunganisha majina ya wapiga blues wawili wa Marekani, Pink Anderson na Floyd Council. Gitaa lake la Fender Esquire alilibandika vioo vya duara, taa za ukumbi zikilipiga zinarudi kwa watazamaji. Kuteleza kwenye nyuzi alitumia kiberiti cha gesi cha Zippo. Hakuwa fundi wa vidole kama Gilmour na wala hakujaribu kuwa. Alikuwa anatafuta sauti ambazo hakuna mtu aliyezizoea, na pale UFO Club, barabara ya Tottenham Court, tangu mwisho wa 1966, vijana walijazana kuzisikiliza.

Nyimbo zake nazo, we acha tu. Arnold Layne ya Machi 1967 inamhusu mwanaume anayeiba nguo za kike kwenye kamba. Si jambo la kubuni. Mama yake Syd na mama yake Waters wote walikuwa na wapangaji wanafunzi wa kike, na pale Cambridge kulikuwa na mtu anapita usiku anawaibia nguo za ndani zilizoanikwa. Radio London, iliyokuwa redio ya maharamia wa baharini, isiyoogopa serikali, iliogopa wimbo huo ikaukataa! Hata hivyo uliingia 20 bora. Miezi mitatu baadaye See Emily Play ukapanda hadi namba 6.

Agosti 1967 ikatoka albamu ya kwanza, The Piper at the Gates of Dawn. Nyimbo 11, na 8 kati ya hizo kaandika Syd peke yake. Ilirekodiwa studio za kampuni yao ya santuri, EMI, pale Abbey Road kipindi ambacho The Beatles wako chumba cha pili wanamalizia albamu yao ya Sgt. Pepper's. Umri wake ulikuwa miaka 21.

#4 Fundi Redio

Huyu si ndiye aliyeharibiwa na LSD, ile dawa ya kulevya inayoleta maono? Hadithi yenyewe fupi: kijana kapewa kipaji, kala dawa, kapotea. Mbona unaizungusha hivyo mkuu.

#5 Mzee wa Santuri

@Fundi Redio, dawa zipo, hakuna anayezikataa. Rafiki zake wenyewe wanasimulia siku moja ya 1965, bustanini Cambridge, Syd kameza LSD, kaketi na chungwa, plamu na kasha la kiberiti, anaviangalia kwa saa nyingi kwa sababu machungwa na plamu vimegeuka sayari. Thorgerson hakuisahau siku hiyo. Santuri za Syd zilipotolewa upya 1974, picha ya jalada ikawa na plamu, chungwa na kiberiti.

Lakini wengi mtaani walimeza, hawakupotea. Ukitaja dawa tu umemaliza hadithi kabla haijaanza. Kuna baba aliyekufa mapema. Kuna kampuni ya santuri inayotaka wimbo mwingine kama Emily, leo si kesho. Kuna maonyesho karibu kila siku, safari kwa gari usiku kucha, na mtu ambaye moyoni ni mchoraji, alizoea kumaliza picha moja na kuiacha. Sasa anaambiwa arudie picha ileile kila usiku mbele ya watu.

Mwisho wa 1967 akaanza kuzima. Ziara ya Marekani ya Novemba wakampeleka kwenye televisheni, kipindi cha Pat Boone, anaulizwa maswali anakodoa macho tu. Jukwaani anaweza kukaa na noti moja usiku mzima, au asipige kabisa.

Halafu likaja jina la ile filamu. Siku moja mazoezini Syd kaja na wimbo mpya, anaufundisha bendi. Wanajaribu kuufuata, na kila wakiukaribia anaubadilisha, huku anaimba anawauliza, have you got it yet, yaani mmeshaupata? Wao wanaitikia bado. Walichukua muda mrefu kushtuka kwamba wimbo hauna umbo, ni yeye anawachezesha. Waters alikuja kukiri kwamba ulikuwa utani wa mtu mwenye akili kali sana. Akaweka besi chini, na ndiyo ilikuwa mara yake ya mwisho kujaribu kufanya mazoezi na Syd.

#6 Binti Pangani

Nimecheka halafu nikajisikia vibaya kwa kucheka.

#7 Mzee wa Santuri

Sasa tuje kwenye kinachoniudhi.

Januari 1968 walimleta Gilmour, yule rafiki wa mapumziko ya mchana, azibe mapengo ya Syd jukwaani. Wakawa watano kwa maonyesho machache. Wazo lilikuwa Syd abaki nyumbani akiandika nyimbo. Kisha tarehe 26 Januari wako garini wanaelekea Southampton kwenye onyesho. Mmoja akauliza, tumpitie Syd? Mwingine akajibu, tusijisumbue. Wakapita. Hakuna kikao, hakuna barua, hakuna aliyemtazama usoni.

Richard Wright, mpiga kinanda, alikuwa anaishi naye nyumba moja Richmond wakati huo. Anasimulia mwenyewe kwamba siku za maonyesho alikuwa anamwambia Syd anatoka kidogo kununua sigara. Anakwenda, anapiga muziki, anarudi baada ya saa nyingi. Anamkuta Syd pale pale, sigara imeungua hadi vidoleni, anamuuliza kama sigara amezipata.

Taarifa rasmi ya kuondoka kwake ilitolewa Aprili 1968. Kinachochekesha ni kwamba mameneja wao, Peter Jenner na Andrew King, waliona mwenye kipaji ni Syd, wakaiacha bendi wakabaki na yeye. Kibiashara hiyo ilikuwa hesabu mbovu kupita kiasi, ila kwa ubinadamu mimi nawapa maua yao.

#8 Binti Pangani

Hiyo ya sigara imenivunja. Hao ni marafiki au majirani tu?

#9 Mpiga Besi Mstaafu

Dada yangu Binti Pangani, subiri kidogo. Mimi nimepiga bendi za hoteli hapa Dar miaka mingi. Tuliwahi kuwa na mwenzetu wa namna hiyo, mpiga solo, kipaji mpaka unaogopa. Usiku mmoja anakutoa machozi, usiku unaofuata anaharibu kila kitu na meneja wa hoteli anakata malipo ya wote. Una mke, una mtoto wa shule, kodi inadaiwa. Sisi tulimficha gari linapoondoka, sikatai. Nani angemwambia usoni? Hata kama ungemwambia asingekusikia.

Hao wa Floyd walikuwa na miaka 22, 24. Hakuna aliyewafundisha ugonjwa wa akili ni nini. Mleta uzi unawahukumu kwa akili za leo.

#10 Mzee wa Santuri

@Mpiga Besi Mstaafu, shikamoo mzee wangu. Hoja yako naipokea, na kumtoa jukwaani sina ugomvi nako. Bendi ingekufa. Ninachouliza ni kilichofuata baada ya kumtoa.

Na hapo majina yanatengana. Waliokuwa wakisema wanampenda ni wengi. Aliyekuwa na sababu ya kumkwepa kuliko wote ni Gilmour, maana ndiye aliyekalia kiti chake. Sasa tazameni. 1969 EMI wamechoka na albamu ya Syd. Malcolm Jones, mtayarishaji wake, amesukuma amefika mahali, wanamuziki wa bendi ya Soft Machine wamekuja kusaidia. Robert Wyatt alikuwemo, anasema ukimuuliza Syd wimbo uko kwenye ufunguo gani anakujibu "ndiyo". Gilmour akaingia, akamvuta na Waters, huku wenyewe wana albamu yao ya kumaliza, na The Madcap Laughs ikatoka Januari 1970. Mwaka huohuo Gilmour na Wright wakasimamia ya pili, Barrett, ikatoka Novemba. Yaani yule yule wa sigara akarudi kusaidia, hilo lazima niliseme.

Juni 1970 pale ukumbi wa Olympia, London, Syd akapanda jukwaani. Nyuma yake Gilmour anapiga besi na Jerry Shirley anapiga ngoma. Nyimbo nne, Syd akavua gitaa akaondoka. Gilmour alikuwa tayari nyota, hakuwa na shida ya kwenda kumpigia mtu besi kwenye onyesho la dakika chache.

#11 Fundi Redio

Mkuu hapo unampamba Gilmour. Sikiliza Madcap vizuri, wimbo wa If It's in You. Syd anaanza anakosea, anaanza tena, anapoteza sauti, anajieleza. Wameyaacha yote kwenye santuri! Malcolm Jones mwenyewe alichukia alipoisikia, akaona wamemvua nguo mgonjwa hadharani. Huo ndio urafiki?

#12 Mzee wa Santuri

Hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote kwenye uzi huu na ningeshangaa isingetajwa.

Gilmour alijitetea kwamba walitaka msikilizaji ajue hali halisi ya Syd. Nikiusikiliza ule wimbo mimi bado najikunja. Lakini Dark Globe imo kwenye albamu ileile, gitaa moja na sauti moja, bila mapambo, na kwangu hakuna kitu alichoimba Syd kinachoifikia. Mkono uleule ndio uliotunza vyote viwili. Ningekuwa mimi ningekata yale makosa na kuacha Dark Globe.

Baada ya hapo alijaribu bendi moja Cambridge 1972, Stars, ikafa baada ya maonyesho machache. Akaacha muziki.

#13 Kijana wa Mabibo

Mkuu ile siku ya studio hujaifikia? Ndiyo niliyoisubiri.

#14 Mzee wa Santuri

Juni 1975. Pink Floyd sasa ni matajiri, The Dark Side of the Moon imeuza dunia nzima. Wako Abbey Road, studio zilezile za Piper, wanachanganya sauti za Shine On You Crazy Diamond, wimbo wa sehemu tisa, kama dakika 26, waliougawa ukafungua na kufunga albamu yao mpya. Ulianza na noti nne za gitaa alizozipata Gilmour, na maneno akaandika Waters. Wanamlilia Syd.

Mle studio kuna mtu mnene, kipara, nyusi zote kanyoa, kashika mfuko wa plastiki. Kila mmoja anadhani ni mgeni wa mwenzake. Gilmour akafikiri ni mfanyakazi wa EMI. Wright alikaa naye chumba kimoja muda mrefu bila kumjua. Mtu huyo alikuwa anasimama, anaruka-ruka huku anapiga mswaki. Hatimaye mmoja akatambua, akawaambia wengine.

Waters alilia. Wakamwekea wimbo wakamuuliza anauonaje. Akasema unasikika wa kizamani kidogo. Jioni akaondoka zake bila kuaga.

Kila mtu akisimulia tukio hili anasimulia machozi. Mimi nabaki na jambo jingine. Walikuwa na miezi wanaunda wimbo wa kumkumbuka, na walikuwa hawajamwona kwa muda wa kutosha kiasi kwamba alipokaa mbele yao hawakumjua. Alikuwa mji huohuo wa London!

#15 Mpiga Besi Mstaafu

Hapo sina la kusema, kijana wangu. Endelea.

#16 Binti Pangani

Mimi ninalo. Nimemuuguza kaka yangu, sitasema zaidi. Kuna hatua mgonjwa anawaona marafiki wa zamani, anakaa siku tatu halali wala hali. Familia ndiyo inayofunga mlango, siyo marafiki waliokataa kuja. Vipi upande wa ndugu zake Syd?

#17 Mzee wa Santuri

@Binti Pangani pole sana dada, na umegusa penyewe.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini Syd aliondoka London kwa miguu hadi Cambridge kwa mama yake, kama kilomita 80. Hakurudi tena. Akajiita Roger, jina alilopewa na wazazi. Dada yake mdogo Rosemary ndiye aliyekuwa mtu wake wa karibu hadi mwisho. Familia iliomba aachwe, kwa sababu kukumbushwa enzi za Floyd kulimvuruga. Waters anasimulia kwamba mara ya mwisho kumwona ilikuwa duka la Harrods, miaka ya sabini. Syd kabeba mifuko ya peremende, alipomwona akaiangusha akakimbia. Gilmour amekuja kusema anajuta kutokwenda kugonga mlango hata mara moja. Kwa hiyo hapo Gilmour wangu naye hana alama kamili.

Alichofanya Gilmour ni cha kuchosha kusimulia ndiyo maana hakuna anayekitungia wimbo: alifuatilia mirabaha. Alihakikisha fedha za nyimbo za Syd zinamfikia. Mkusanyiko wa Echoes wa 2001 una nyimbo tano za Syd, na kila santuri inayouzwa inamwingizia. Mtu hajapiga gitaa mbele za watu kwa miaka 30, anaishi nyumba ya kawaida, hamwombi mtu. Alipofariki aliwaachia ndugu zake takriban pauni milioni 1.7.

Na maisha yake hayakuwa yale ya kichaa aliyefungiwa. Alipanda maua, aliendesha baiskeli kwenda dukani, alichora. Akimaliza mchoro anaupiga picha, kisha anauchoma. Rosemary alisema baada ya msiba kwamba tangu miaka ya themanini kaka yake hakuwa mgonjwa wa akili wala hakutibiwa ugonjwa huo. Waliomsumbua ni mashabiki na waandishi waliokuwa wanamvizia na kamera akirudi na mkate.

Alifariki 7 Julai 2006, miaka 60, saratani ya kongosho, na kisukari alikuwa nacho muda mrefu. Mwaka mmoja kabla, kwenye tamasha la Live 8 pale Hyde Park, London, wenzake wanne walipiga pamoja baada ya miaka 24, na Waters akamtaja Syd kwa jina kabla ya wimbo wa Wish You Were Here.

#18 Fundi Redio

Kwa hiyo hukumu yako mkuu?

#19 Mzee wa Santuri

Waters kamkumbuka Syd kwa maneno mazuri kuliko mtu yeyote. Gilmour kamkumbuka kwa makaratasi ya mahesabu. Ningekuwa mimi ndiye Roger wa Cambridge, na mirija ya pesa iko mikononi mwa wengine, ningemchagua wa makaratasi.

#20 Mpiga Besi Mstaafu

Napinga, lakini kwa heshima. Bila ule wimbo wa Waters na Gilmour, nani angekuwa anazitafuta nyimbo za Syd leo? Hata hiyo mirabaha ingetoka wapi?

#21 Mzee wa Santuri

Mzee umenifunga bao. Nalikubali moja, mechi inaendelea.

#22 Kijana wa Mabibo

Wakuu mimi huyu simjui kwa masikio. Nianzie wapi?

#23 Mzee wa Santuri

Usianzie Shine On, utamsikia kwa masikio ya wengine. Anza na See Emily Play, kisha Piper yote kwa mpangilio wake. Halafu Jugband Blues, wimbo wa mwisho kwenye A Saucerful of Secrets ya 1968. Mle alileta kundi la tarumbeta la Jeshi la Wokovu akawaambia wapige wanachotaka. Ukiweza, usiku, Dark Globe na Terrapin. If It's in You ruka, narudia, ruka.

#24 Kijana wa Mabibo

Nimeanza na wimbo wa Bike maana ndiyo iliyotokea ya kwanza. Mkuu, mle ndani kuna panya?

#25 Mzee wa Santuri

Yumo, na jina analo, anaitwa Gerald. Mbele kuna masaa yanagonga kwa vurugu na sauti kama za bata. Usizime.